JUMBA KUBWA NA MZIGO WAKE
Mazungumzo juu ya Boma la Kale la Dar es Salaam



Mtu akitoka Kibaha akaifuata barabara ya Morogoro kuelekea pwani, asigeuke kulia wala kushoto, atafika mwisho wake karibu na bandari ya Dar es Salaam. Hapo pembeni atakuta nyumba ya kale yenye kuta nene nyeupe. Naye atokaye Kisarawe, akishuka vilima vya Pugu na kuingia mjini, akielekea bandarini atafika karibu na nyumba ile ile. Watu huiita Boma la Kale. Wengi wetu tumepita mbele yake mara nyingi, tukiwa na vikapu vya mihogo au tukikimbilia gari, wala hatukujiuliza ilijengwa na nani, na imewezaje kusimama ilhali wenzake wengi wamekwisha anguka. Leo twataka kuisimulia habari yake. Lakini hatutasema sifa za mjenzi tu. Twataka hasa kutazama jambo ambalo watu husahau, yaani mzigo anaoachiwa mtu arithiye jumba kubwa.

Asili ya nyumba hii ni Seyyid Majid bin Said, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1856 hata 1870. Baba yake, Seyyid Said, alikuwa na Oman na Unguja pamoja. Alipokufa, milki ikagawanyika kwa wanawe, na katika mwaka 1861 ikaamuliwa kwamba Unguja iwe mbali na Oman, lakini Majid atoe riale 40,000 kila mwaka kumpa ndugu yake wa Oman. Basi tangu mwanzo mtawala huyu alikuwa mtu mwenye deni.

Pamoja na hayo alitamani mji mpya. Karibu na kijiji cha Mzizima, kwenye nchi ya Washomvi na Wazaramo, aliona bandari yenye kina, iliyokingwa na upepo, ambayo vyombo vikubwa vyaweza kutia nanga. Akafikiri kwamba misafara ya pembe itokayo bara ingeweza kuletwa hapo, badala ya kwenda Bagamoyo na Kilwa. Kazi ikaanza karibu na mwaka 1865. Akajenga jumba lake mwenyewe, na nyumba za watu wake, na nyumba ya kuwapokea wageni, ambayo ndiyo hiyo tuiitayo Boma la Kale. Mwaka 1867 aliwaalika mabalozi wa mataifa ya kigeni waliokaa Unguja waje wauone mji na kula karamu. Mji akauita kwa jina la amani.

Yafaa tukumbuke ni nani waliozibeba nguvu za kazi hiyo. Wengi wa waliochimba mawe, kubeba boriti na kupanda minazi ya mashamba ya Sultani walikuwa watumwa. Majina yao hayakuandikwa mahali po pote. Kwa hiyo mtu akisema kuta hizi ni kumbukumbu ya Majid, asema kweli, lakini kweli nusu. Ni kumbukumbu yao pia.

Katika mwaka 1870 Majid akafa, na mji wake ulikuwa haujamalizika. Aliyemfuata ni ndugu yake, Seyyid Barghash. Huyu hakuupenda mji wa ndugu yake. Tena alikuwa na shida zake: mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikavunja mikarafuu na kuzamisha vyombo, na mwaka uliofuata, 1873, kwa kushurutishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Hazina ikapungua. Katika hali hiyo nani atapeleka fedha ng'ambo ya bahari kupaka chokaa nyumba za marehemu? Majumba ya Dar es Salaam yakaachwa. Mwaka 1877 Mwingereza William Mackinnon na wenzake walianza kukata barabara kutoka Dar es Salaam kwenda bara, kupita nchi ya Wazaramo, nia yao ikiwa kufika ziwa la Nyasa. Ilipofika mwaka 1881 kazi iliachwa, na barabara haikufika hata maili mia. Njia yenyewe ikamezwa na majani, na majumba pwani yakazidi kuota magugu juu ya kuta.

Hapa tusimame kidogo tueleze jinsi nyumba ya namna hii inavyokufa, kwa maana asiyejua ugonjwa hawezi kujua dawa.

Nyumba za kale za pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, yaliyoungwa kwa udongo, mchanga na chokaa. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe yale yale juu ya tanuu la magogo, kisha kuiacha ilowe na kuiva. Dari zilishikwa na boriti za mikoko. Mkoko ni mti mgumu, lakini urefu wake una mpaka, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, upana wake futi tisa au kumi tu. Juu ya boriti hupangwa mawe, na juu ya mawe humwagwa sakafu ya chokaa iliyopondwa kwa muda mrefu mpaka ikashikamana.

Nyumba hiyo ni imara maadamu maji hayaingii. Adui yake ni tone moja la mvua. Ufa mwembamba ukitokea darini wakati wa masika, maji hushuka polepole mpaka kwenye ncha ya boriti iliyofichwa ndani ya ukuta. Hapo hayaonekani. Boriti huanza kuoza katika ncha yake, na mwenye nyumba, akitazama kutoka chini, huona mti mzima usio na kasoro. Miaka inapita. Siku moja usiku dari huanguka, na watu husema imeanguka ghafula. Haikuwa ghafula hata kidogo. Ilikuwa ikianguka kwa miaka kumi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba za mawe methali hiyo si fumbo, ni maagizo ya fundi.

Kwa hiyo jumba halilali njaa. Kila mwaka lataka chokaa mpya, lataka mtu wa kupanda juu kabla ya mvua kutazama nyufa na kuzibua mifereji, lataka boriti za badala, lataka milango itiwe mafuta, tena lataka mlinzi. Nyumba ya miti na udongo, ikichakaa, mwenyewe na jirani zake waweza kuijenga upya kwa siku chache. Jumba la mawe haliruhusu hivyo. Aliyelijenga alikuwa na hazina, na pengine watumwa. Amrithiye hana hiki wala kile, lakini jumba ladai kama lilivyozoea. Ndipo twaona maana ya neno ukubwa ni jaa, maana kila takataka ya wakati hutupwa mlangoni pa mkubwa.

Shida huzidi kwa jambo la urithi. Tufanye mfano. Mtu Mwislamu akifa akaacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, sheria ya urithi humpa mke thumni moja, kila mwana wa kiume robo moja, na kila binti thumni moja. Hesabu ni ya haki na hutimia sawasawa. Lakini sasa dari moja ina wenyewe sita. Hao sita wakizaa, wajukuu huwa ishirini au thelathini, mmoja yupo Tanga, mwingine Maskati, mwingine hajulikani alipo. Paa likivuja, kila mmoja humngoja mwenzake, na yule akaaye ndani huona si haki atengeneze mali ya watu thelathini kwa mfuko wake mmoja. Hakuna mtu mwovu katika habari hii, na nyumba yaanguka.

Turudi bandarini. Kilichoiokoa Boma la Kale si heshima ya watu kwa historia. Ni kazi. Mwaka 1887 Kampuni ya Kidachi ya Afrika ya Mashariki ilikuja kuweka kituo Dar es Salaam, ikahitaji kuta nene na mahali pa kukaa. Mwaka 1891 Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, wakahamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam, na nyumba ya wageni wa Sultani ikawa miongoni mwa nyumba za utawala. Waingereza walipouingia mji mwaka 1916 waliikuta imesimama, nao wakaitumia. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 ikaendelea kuwa na ofisi ndani yake. Kila mtawala aliyekuja alihitaji paa lisilovuja juu ya karatasi zake, na kwa ajili ya karatasi hizo paa likatazamwa. Lakini jumba la Majid mwenyewe, lililokuwa kubwa na zuri kuliko hili, leo halipo. Nyumba ya wageni imeishi kuliko nyumba ya mwenyeji.

Nyumba nyingine ya zamani hizo za Majid iliyosalimika mjini huitwa Nyumba ya Atiman. Mwaka 1922 ilipata wenyewe wapya, Mapadre Weupe, na jina lake ni la Adrian Atiman, mtu aliyechukuliwa utumwani alipokuwa mtoto, akakombolewa, akasomea uganga, akawatibu watu wa kando ya ziwa la Tanganyika kwa miaka mingi. Basi nyumba ya jamaa ya Sultani sasa yaitwa kwa jina la mtu aliyekuwa mtumwa. Nyumba ikipewa kazi mpya huweza kupewa na maana mpya.

Lakini msidhani kwamba kazi yo yote yafaa. Hapa twawaletea mfano wa Unguja, nao ni wa huzuni.

Seyyid Barghash, ambaye hakutaka majumba ya ndugu yake, alijenga ya kwake mengi. Moja, la Marhubi, liliungua mwaka 1899, hata leo nguzo zake zimesimama peke yake karibu na bahari. Lililo kubwa kuliko yote ni Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883: roshani pana pande zote, nguzo za chuma, taa za umeme, na baadaye hata chombo cha kupandisha watu juu kwa umeme. Wakati wake hapakuwa na jengo refu kama hilo katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1896 manowari za Kiingereza ziliyapiga mizinga majumba ya Sultani kwa muda usiotimia saa moja. Majumba ya jirani yakavunjika, lakini Beit al-Ajaib likaponea. Likatengenezwa, na mnara wa saa ukaunganishwa mbele yake. Mwaka 1911 likafanywa ofisi za Serikali. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 likapata kazi nyingine, mwisho likawa makumbusho. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wote ukaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Mnaona kwamba jumba hili halikukosa kazi, wala halikukosa sifa. Picha zake zilikwenda dunia nzima. Hata hivyo maji yaliingia, chuma kikashika kutu, na boriti zikachoka. Mwaka 2012 sehemu yake ikaanguka, na makumbusho yakafungwa. Mipango ikafanywa, na msaada ukapatikana kutoka Oman. Kazi ya kulitengeneza ilipokuwa ikiendelea, tarehe 25 Desemba mwaka 2020, upande wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa.

Tafadhali tulitafakari jambo hilo. Watu wawili walitoka makwao asubuhi kwenda kazini, hawakurudi. Ndiyo sababu twasema kwamba habari ya majumba ya kale si mchezo wa wapenda mapambo. Ukuta uliosahauliwa huweza kuua, tena huwaua wale ambao hawakuusahau, waliokuja kuutengeneza. Na fundisho ni hili: ofisi huingia na meza zake, makabati mazito na sanduku za chuma, hutoboa ukuta kupitisha mabomba na nyaya, lakini fedha ya ofisi huandikwa kwa ajili ya kazi ya ofisi, si kwa ajili ya dari. Jumba laweza kujaa watu kila siku na huku likawa yatima.

Lipo kosa jingine linalofanywa kwa nia njema, nalo ni saruji. Fundi aonapo ukuta wa kale umetoka madoa ya maji, huupiga plasta ya saruji ngumu, na mwenye nyumba hufurahi. Lakini ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Unyevu huingia na kutoka. Saruji huufungia unyevu ndani pamoja na chumvi ya bahari. Chumvi huyala mawe kwa siri, mpaka plasta inapobanduka na kuondoka na ngozi ya ukuta. Chokaa ni laini na yataka kurudiwa mara kwa mara, lakini ulaini huo ndio uponyaji wake.

Labda mtauliza, Je, sheria hailindi? Yalinda kwa kadiri yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa upande wa bara, inalihesabu jengo kuwa kumbukumbu kwa umri wake ikiwa lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa fanyeni hesabu, wanafunzi. Nyumba ya Majid ilimalizika karibu na mwaka 1867. Ilichelewa kwa miaka minne hivi! Nyumba za namna hiyo huhitaji kutangazwa na Serikali kwa jina ndipo zilindwe. Na hata ikitangazwa, tangazo ni karatasi. Karatasi yaweza kumkataza mtu kubomoa, lakini haiwezi kupanda juu ya dari wakati wa masika.

Wala tusifikiri kwamba shida hii ni yetu peke yetu. Uingereza yenyewe, nchi yenye majumba makubwa mashambani, iliona mamia ya majumba hayo yakibomolewa katika karne iliyopita, kwa sababu wenyewe walishindwa kulipa kodi za urithi na mishahara ya watumishi. Chama kiitwacho National Trust, kilichoanzishwa mwaka 1895, kilianza karibu na mwaka 1937 kuwapokea wenye majumba: mtu alikabidhi jumba lake kwa chama, naye akaruhusiwa kukaa sehemu yake, na watu wakaingia kuliona kwa siku zilizowekwa. Lakini chama hakikupenda kupokea jumba tupu. Kilitaka pamoja nalo shamba au fedha yenye kuzaa, ili litengenezwe. Walikwisha jifunza kwamba zawadi ya jumba bila fedha ya matengenezo ni zawadi ya deni.

Jambo hili halikuwa geni kwa pwani yetu. Mtu aliyeweka msikiti wakfu alizoea kuweka pamoja nao minazi au nyumba ya kupangisha, mapato yake yanunue mafuta ya taa, mikeka na chokaa. Wazee hao walielewa hesabu kabla ya kuja kwa vitabu vya hesabu.

Boma la Kale lilipata bahati katika siku zetu. Wasanifu majengo wa Tanzania walishirikiana na halmashauri ya jiji na wataalamu wa chuo kikuu cha ufundi cha Berlin, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, wakalitengeneza. Mwaka 2017 likafunguliwa kuwa mahali pa kuonyesha historia ya majengo ya Dar es Salaam, na pa watu kukutana. Hiyo ni kazi inayopatana na umbo lake: vyumba vyembamba vyafaa picha na maonyesho kuliko makabati ya chuma, na anayekuja huja kwa ajili ya kuta zenyewe. Tena ni nyumba iliyojengwa kupokea wageni, nayo ikarudi kupokea wageni. Lakini mzigo haukuondoka. Msaada hutengeneza mara moja. Masika huja kila mwaka. Atakayeishika nyumba hiyo, ye yote awaye, ataulizwa swali lile lile aliloulizwa Barghash.

Sasa, enyi watu wa Kibaha na Kisarawe, hayo yawahusu nini? Huenda mtu akasema, sisi hatuna majumba ya Masultani. Ni kweli. Lakini wamisioni Walutheri kutoka Berlin walianzisha kituo Kisarawe mwaka 1892, na Maneromango mwaka 1895. Kibaha pana majengo ya kituo cha elimu kilichoanzishwa kwa msaada wa nchi za Nordik katika mwaka 1963, kikakabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970. Kila kijiji kina shule, zahanati, msikiti au kanisa, au nyumba ya babu mmoja aliyefanikiwa. Nyumba hizo huzeeka mbele ya macho yetu. Siku itafika ambapo mwenyewe wa kwanza hayupo, na watu watakusanyika kuamua: ibomolewe, iuzwe, au ipewe kazi nyingine?

Siku hiyo msianze kwa kuuliza nyumba hii itatupa nini. Ulizeni kwanza yataka nini kwa mwaka, na fedha hiyo itatoka mfuko gani, na mtu gani kwa jina lake atapanda juu kabla ya masika. Mkiona jibu halipo, basi ni afadhali kusema kweli mapema, mkaandika habari zake, mkapiga picha, mkaitoa milango yake mizuri na kuihifadhi, kuliko kuiacha iwaangukie watoto wakicheza barazani. Si kila nyumba ya kale itaokoka, wala si lazima. Lakini ile mtakayoichagua, ichukueni pamoja na mzigo wake.

Na ninyi wanafunzi, safari ijayo mkiifuata barabara ya Morogoro mpaka mwisho wake, simameni kidogo pembeni mwa ile nyumba nyeupe. Tazameni unene wa ukuta. Kisha inueni macho mtazame mahali dari inapokutana na ukuta, kama kuna doa la maji. Hapo ndipo historia ya nyumba inapoandikwa, mwaka kwa mwaka, na aliyezoea kupatazama hapo hataona jumba likianguka ghafula.

Kwaherini.